Udongo wa Miji ya Kale Una Habari Kuliko Kuta Zake

Watu wengi huingia na kutoka katika Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa kila uchao. Huja wagonjwa, huja jamaa wa kuwazuru, huja wauguzi na madaktari, kila mmoja na haja yake. Ni wachache mno kati yao wajuao kwamba wanaikanyaga Mombasa ya kwanza. Kwamba katika ardhi ile mlilala vigae, makaa, mifupa ya samaki na misingi ya nyumba za watu walioishi hapo kadiri ya miaka elfu moja iliyopita.

Hayo si maneno ya barazani. Mnamo mwaka 1976 Hamo Sassoon, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, alichimbua sehemu ya kiwanja cha hospitali hiyo, na matokeo ya kazi yake yakachapishwa mwaka 1980. Tabaka za chini kabisa zilikuwa za watu waliokaa hapo tangu karibu mwaka 1000. Nyumba za mawe na chokaa hazikuwako mwanzoni. Zilikuja baadaye, juu ya takataka na majivu ya waliotangulia. Kwa hivyo ule mtaa wa karibu na ngome, ambao leo tunauita Mji wa Kale, ni mdogo kwa umri. Mkubwa wake yuko kaskazini, upande wa mkono wa bahari wa Tudor, naye amefunikwa kwa lami, saruji na kuta za wadi.

Wazee wa Mombasa hawakungoja mchimbuzi awaambie kwamba mji wao ni wa zamani. Simulizi zao zamtaja Mwana Mkisi, malkia wa kale, kisha zamtaja Shehe Mvita, Mwislamu aliyeshika utawala baada ya ukoo huo. Simulizi ina majina lakini haina tarehe. Udongo una tarehe lakini hauna majina. Viwili hivi vikikutanishwa ndipo historia hupatikana, na kimoja kikipotea, cha pili hubaki kilema.

Makala haya yana neno moja la kusema. Sisi watu wa mwambao tumejifunza kuheshimu kuta za mawe. Tukiona gofu la msikiti au nguzo ya kaburi, twajua kwamba ni mambo ya kale na kwamba si vizuri kuliharibu. Lakini ushahidi mkubwa zaidi wa asili yetu na wa dini yetu katika pwani hii haumo katika kuta hizo. Umo chini yake, katika udongo mweusi usiopendeza macho, nao ndio tunaouchota kwa sepetu na kuumwaga kila tunapojenga.

MSIKITI WA MBAO

Tuanze na shahidi aliyeandika. Katika mwaka 1331 msafiri mashuhuri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani hii akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja Mombasa. Aliwakuta watu wa Mombasa ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, wacha Mungu na wenye mwenendo mwema. Akasema kwamba chakula chao kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka kwingine. Tena akasema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi mkubwa, na kwamba mlangoni pa msikiti palikuwa na kisima kifupi ambacho watu waliteka maji kwa upawa wa mti, wakanawa miguu ndipo wakaingia.

Misikiti ya mbao! Sisi tumezoea kudhani kwamba msikiti wa kale ni wa mawe, na kwamba pasipo mawe hapana ustaarabu. Kumbe katika karne ya 14, wakati Kilwa ilipokuwa katika fahari yake, Mombasa iliswali ndani ya mbao, na msafiri aliyekwisha kuiona Makka, Misri na Sham hakuona haya kuisifu kazi ya maseremala wake.

Mbao haidumu katika nchi yenye mchwa na mvua za masika. Anayetafuta kuta tu hawezi kuuona msikiti wa namna hiyo. Lakini nguzo ikichimbiwa ardhini, kisha ikaoza, huacha alama. Lile shimo hujaa udongo wa rangi nyingine, laini na mweusi kuliko udongo ulio kando yake. Mchimbuzi mwenye subira akikwangua ardhi pole pole kwa mwiko mdogo, huona vidoa vya mviringo vimejipanga safu, na kutokana na safu hizo hujua nyumba ilikuwa na upana gani na mlango ulikuwa wapi. Akija mtu na jembe au tingatinga, vidoa hivyo huvurugika kwa dakika moja, na maji yakimwagika hayazoleki.

SHANGA: MSIKITI CHINI YA MSIKITI

Mombasa haiwezi kuchimbuliwa yote, kwa kuwa watu wanaishi juu yake. Ili kuona mji mzima ulivyokua tangu siku ya kwanza, ilibidi utafutwe mji uliohamwa na usiojengwa tena. Mji huo ulipatikana katika kisiwa cha Pate, karibu na Siyu, nao ni Shanga. Watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 15, na tangu hapo mwitu ukaufunika.

Mtaalamu Mark Horton alichimbua Shanga kwa vipindi kati ya mwaka 1980 na 1988. Juu kulikuwa na magofu ya kawaida: nyumba za mawe, makaburi, na msikiti wa Ijumaa. Badala ya kutosheka na magofu hayo, wachimbuzi waliteremka ndani ya msikiti wenyewe, tabaka baada ya tabaka.

Chini ya sakafu ya msikiti wa Ijumaa, ambao ulijengwa yapata mwaka 1000, waliona msikiti mwingine wa mawe, mdogo kuliko huo, uliojengwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi. Chini ya huo wakaona alama za nguzo za msikiti wa mbao. Chini ya huo wa mbao wakaona wa mbao mwingine, na mwingine tena, mpaka wakafikia kijumba kidogo cha ibada cha mwishoni mwa karne ya 8. Kila kizazi kilijenga mahali pale pale alipoabudu babu yake.

Tafakari tarehe hiyo, ndugu msomaji. Mwisho wa karne ya 8 ni karne ya pili ya Hijra. Imamu Shafi mwenyewe alizaliwa mwaka 150 wa Hijra, yaani 767. Watu wachache wa Shanga walikuwa wakisujudu katika kijumba chao cha miti katika zama zile zile ambazo Imamu huyo alikuwa kijana akitafuta elimu Hijazi. Uislamu wa pwani hii, basi, ulitangulia madhehebu tunayoyafuata. Madhehebu yalikuja baadaye yakakuta watu wanaoswali.

Kuna jambo la pili. Mji wa Shanga haukuanza na msikiti huo. Watu walikaa hapo kabla yake, tangu katikati ya karne ya 8, katika vibanda vya miti na udongo, wakavua samaki na kufua chuma. Vyungu vyao, na hivi ndivyo vigae vingi kabisa vilivyookotwa, vilikuwa vya kufinyangwa hapa hapa, vyenye michoro ya pembetatu inayofanana na ya vyungu vya bara kandokando ya mto Tana na mahali pengine pengi pa pwani. Vyombo vya kutoka Ghuba ya Uajemi na Uchina vilikuwako tangu mapema, lakini vilikuwa vichache. Vilikuwa vyombo vya biashara na vya heshima, si vyombo vya kupikia ugali wa kila siku.

Tena zikaonekana sarafu za fedha, ndogo kama ukucha, zilizopigwa na watawala wa pwani wenyewe na kuandikwa majina ya Kiislamu kama Muhammad na Abdallah. Sarafu za jamaa hiyo zimeonekana Pemba pia. Huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000. Mtawala anayepiga sarafu zake mwenyewe kwa jina lake la Kiislamu si mchungaji wa kituo cha wageni. Ni mwenye nchi.

WALIOSEMA TU WAGENI

Ili kuelewa uzito wa vigae hivyo, yafaa tukumbuke yaliyosemwa kabla yake. James Kirkman alianza kuchimbua Gede mwaka 1948. Kazi yake ilikuwa kubwa na tunamshukuru kwa kuuokoa mji ule na mwitu. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1954 alikipa jina lenye maana ya Mji wa Kiarabu wa Gedi, na jina hilo latosha kuonyesha fikira za wakati wake. Naye Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na kisha Manda kuanzia mwaka 1966, alipoona kuta kubwa za mawe za Manda na vyombo vya Ghuba, alikata shauri kwamba mji huo ulianzishwa na wahamiaji kutoka huko.

Wataalamu hao hawakuwa waongo. Walisoma walichokitazama, na walichokitazama zaidi ni mawe. Misikiti, majumba ya watawala na makaburi yenye nguzo vilichimbuliwa kwanza, kwa sababu vilionekana. Nyumba za udongo za raia wengi hazikuonekana, basi raia hao hawakuhesabiwa. Historia ya mji ikawa historia ya matajiri wake, na matajiri ndio waliokuwa na sahani za kigeni.

Kisha wakaja wengine, wakiwamo wana wa nchi hii. George Abungu alifanya kazi Ungwana na katika bonde la Tana. Chapurukha Kusimba alichimbua Mtwapa kwa miaka mingi. Hawa waliuliza maswali mapya: chuma kilifuliwa wapi, nafaka ilitoka kwa nani, mji wa pwani ulihusiana vipi na vijiji vya bara. Jibu likawa kwamba mji wa Waswahili haukushushwa kutoka jahazini ukiwa mzima. Ulikua kama mnazi unavyokua, kutoka mzizini.

NASABA NA MIFUPA

Hapo ndipo tulipokuwa mpaka mwezi wa Machi 2023, wakati jarida la sayansi la Nature lilipotoa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi, zile ambazo wataalamu huziita DNA. Zilichunguzwa za watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Miji ya pwani ilikuwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi.

Matokeo yaliwasisimua wengi. Katika watu wengi wa miji hiyo ya pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na hasa kwa upande wa kike. Sehemu kubwa ya uliobaki ulitoka Asia, na katika huo wa Asia, sehemu 80 hadi 90 katika mia zilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 damu ya Arabuni ikaanza kuongezeka.

Siku zile palitokea kelele. Waliosema miaka yote kwamba wao ni Washirazi walishangilia kwamba tarehi ya Kilwa imethibitishwa. Wengine wakakasirika, wakidai kwamba nadharia ya wakoloni imerudishwa kwa mlango wa nyuma. Kwa maoni ya mwandishi huyu, pande zote mbili zilikuwa na pupa, kwa sababu zilisoma mifupa zikasahau udongo.

Tupange mambo kwa tarehe. Mji wa Shanga ulianza katikati ya karne ya 8. Nyumba yake ya kwanza ya ibada ni ya mwishoni mwa karne hiyo. Kuchanganyika na Waajemi kulianza karibu mwaka 1000. Hivyo mgeni kutoka Uajemi alipofika, alikuta miji, akakuta Waislamu, akakuta lugha. Akaoa, akawa mwenzetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hata methali hiyo haisemi kwamba mgeni ndiye aliyejenga nyumba.

Tena lazima tukumbuke ni nani waliochunguzwa. Wengi wao walizikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya watu wa cheo. Familia za wafanyabiashara ndizo zilizooana na wafanyabiashara wenzao wa ng'ambo. Mvuvi na mfinyanzi wa Mtwapa hawakupata kaburi la mawe, na habari za mifupa yao hazijasomwa kwa wingi huo. Mtu asichukue nasaba ya ukumbi mmoja akaifanya nasaba ya mji mzima.

Lakini pia tusimkane babu wa Kiajemi kwa sababu za siasa. Wazee waliosema kwamba yuko hawakusema uongo. Lililosahauliwa ni bibi. Bibi huyo alikuwa mtu wa hapa. Ndiye aliyelea watoto, na mtoto hunyonya lugha pamoja na maziwa. Ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokopa maneno, si Kiajemi wala Kiarabu kilichoharibika. Hata leo, Lamu, desturi ya ukoo wenye uwezo ni kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye ahamiaye. Anayetaka kujua jinsi mgeni alivyoweza kuingizwa katika mji bila mji kuwa mali yake, na aitazame desturi hiyo.

KWA NINI JAMBO HILI LI ZITO

Pengine msomaji atauliza, je, haya yatupatia unga? Jibu ni kwamba yatupatia kitu ambacho watu wa pwani wamekililia tangu zamani, nacho ni kutoulizwa kwao. Mwislamu wa mwambao amezoea kuulizwa ametoka wapi. Huulizwa akiomba kitambulisho, huulizwa katika mabishano ya ardhi, huulizwa kwa mzaha na kwa ubaya. Jina lake la Kiarabu hugeuzwa ushahidi kwamba yeye ni mgeni. Naye mara nyingine, kwa kiburi au kwa kukata tamaa, hujibu kwa kutaja nchi ya mbali ambayo hakuiona yeye wala baba yake.

Udongo wa Shanga na wa Mombasa unampa jibu bora. Unasema kwamba mji wake ulianza kwa vibanda vya miti katika nchi hii hii, kwamba dini yake imeswaliwa hapa kwa zaidi ya miaka 1,200, na kwamba wageni walipokuja walipokewa na wenyeji waliokuwa tayari na mji. Hiyo ni hati isiyoweza kughushiwa na mtu yeyote, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili ya kushinda kesi. Ni majivu ya jikoni na mashimo ya nguzo.

Basi hati hiyo inatunzwa vipi? Hapa ndipo penye huzuni. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi daftari letu tunalichana ukurasa kwa ukurasa. Mtwapa ya leo ni mji uliojaa nyumba za kupangisha na hoteli, na mabaki ya mji wa kale yamebaki kama kisiwa katikati ya viwanja vinavyotamaniwa. Tangu bandari mpya ya Lamu kupokea meli yake ya kwanza mwezi wa Mei 2021, macho ya wanunuzi wa ardhi yamezidi kuelekea huko. Katika Mji wa Kale wa Mombasa nyumba hubomolewa zikajengwa za ghorofa, na kila ghorofa huhitaji msingi wa kina, na kila msingi ni shimo lililopita katikati ya karne kadhaa.

Ni kweli kwamba ulimwengu umetutambua. Lamu iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Fort Jesus mwaka 2011, na Gede mwaka 2024. Hayo ni ya kushangilia. Lakini tazama kinachotambuliwa: mitaa ya mawe, ngome ya mawe, magofu ya mawe. Mahali pasipo na ukuta uliosimama hapana kibao, hapana mlinzi, na kwa macho ya mwenye kiwanja hapana kitu.

MAKABURI NA HOFU ZA WATU

Haifai kuyasema haya bila kujibu hofu za watu, kwa maana hofu hizo zina msingi.

Kwanza ni makaburi. Mwislamu ana haki ya kuchukia maiti wa Kiislamu asumbuliwe, na mchimbuzi asiyelielewa hilo hafai kukanyaga pwani hii. Hata hivyo yako mafundisho mema. Kule Mtwapa, kabla ya kugusa makaburi, Kusimba alitumia muda kuongea na wakazi na kupata ridhaa yao, na mapatano yakawa kwamba kuchimbua, kuchukua vipande vidogo vya uchunguzi na kuwazika tena marehemu kufanyike katika msimu huo huo mmoja. Huo ndio utaratibu ambao wazee na mashehe wanapaswa kuudai kila mahali. Tena tusijidanganye: maiti wengi zaidi wamesumbuliwa na mashimo ya vyoo na misingi ya majumba kuliko na wachimbuzi, na hao hawakuzikwa tena wala kuombewa dua.

Pili ni hofu ya kunyang'anywa. Mtu aonaye kigae au sarafu katika kiwanja chake huogopa kusema, akidhani ujenzi wake utasimamishwa milele au kiwanja kitachukuliwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yamtaka atoe habari. Lakini sheria inayoogopwa haifanyi kazi. Ingefaa Makumbusho ya Taifa iwaeleze watu waziwazi, kwa Kiswahili, misikitini na mabarazani, kwamba mara nyingi kinachotakiwa ni wiki chache za kuchimbua, kupima na kupiga picha, kisha mwenye nyumba ajenge nyumba yake. Bila ya imani hiyo, vigae vitaendelea kufunikwa usiku.

Tatu, wako wasemao kwamba uchimbuzi nao ni uharibifu. Ni kweli. Tabaka likishaondolewa halirudishwi. Kwa hiyo mji usiotishwa na ujenzi ni bora uachwe alivyouacha mwenyewe, wala usichimbuliwe wote kwa tamaa ya kujua upesi. Vizazi vijavyo vitakuwa na vyombo tusivyonavyo. Waliochimbua Manda mwaka 1966 hawakujua kwamba siku moja mfupa utasomwa nasaba. Uchimbuzi wa haraka ni kwa ajili ya mahali ambapo tingatinga liko njiani.

KAMATI ZA MISIKITI

Serikali ina wajibu wake, na hatutaacha kuukumbusha. Lakini liko jambo moja ambalo halimo mikononi mwa serikali, nalo limo mikononi mwa wasomaji wa ukurasa huu.

Shanga imetufundisha kwamba msikiti hauhami. Watu hubomoa, hupanua, hubadili miti kwa mawe na mawe kwa saruji, lakini mahali hubaki pale pale. Pale Kizimkazi, Unguja, msikiti una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na mengine ya kutengenezwa upya katika karne ya 18, na mpaka leo watu huswali ndani yake. Kwa hiyo kila msikiti mkongwe wa pwani, tangu Vanga hadi Kiunga, huenda umekalia msikiti mwingine, na huo nao umekalia mwingine wa miti na udongo.

Sasa angalia yanayotendeka. Mji umekua, waumini wameongezeka, msikiti wa babu hautoshi. Mfadhili hujitokeza, kamati hukutana, siku ya kubomoa hutangazwa. Wiki moja baadaye pana shimo la mita tatu kwa ajili ya nguzo za zege, na lori la udongo mweusi limekwisha kumwagwa jalalani. Nia ilikuwa njema na thawabu iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini katika udongo ule huenda mlikuwamo alama za nguzo za msikiti wa kwanza wa mji ule, kisima alichotawadhia mtu wa zama za Ibn Battuta, sarafu ya mtawala asiyetajwa katika tarehi yoyote. Vimekwenda, na hakuna mfadhili awezaye kuvirudisha.

Hakuna anayesema misikiti isipanuliwe. Linaloombwa ni dogo. Kamati iandike barua kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu, Fort Jesus au Lamu, kabla ya siku ya kubomoa, si baada yake. Iwape wataalamu nafasi ya kuchimba shimo moja au mawili ndani ya uwanja, mbele ya wazee, kwa masharti ya wazee. Kitakachoonekana kiandikwe, na nakala ya taarifa ibaki katika kabati la msikiti, si Nairobi wala Ulaya peke yake. Mwalimu wa madrasa aweze kuwaonyesha watoto mchoro na kuwaambia: hapa alisimama imamu wa kwanza, na msikiti wake ulikuwa wa miti.

Wakfu si jengo tu. Wakfu ni ardhi pamoja na yaliyomo, na msimamizi wake ataulizwa kwa vyote viwili. Wazee wetu walitunza ardhi hizo kwa karne nyingi bila kujua kilichokuwa chini yake. Sisi tunajua.